Ukibaguliwa kwa rangi ukiwa ndani ya jeshi la Uingereza: sheria inakufikiaje?

Januari 2018, katika kambi ya askari wa miavuli mjini Colchester, wanajeshi wawili weusi walikuta picha zao zilizobandikwa kwenye mlango wa chumba zimechorwachorwa. Palikuwa na swastika, ile alama ya Manazi, masharubu ya Hitler, na lile tusi ambalo kila mtu mweusi analijua. Mwaka uliofuata baraza la ajira (employment tribunal), chombo cha kisheria kinachoamua kesi za kazini, liliamua kwamba wawili hao walikuwa wamenyanyaswa kwa sababu ya rangi yao, na kwamba anayepaswa kujibu ni Wizara ya Ulinzi.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wengi hudhani mwanajeshi hana pa kushtakia. Amekula kiapo, ana kamanda juu yake, basi anyamaze. Si kweli. Sheria ipo, na kwenye suala la rangi ina nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Ugumu uko kwenye njia ya kuifikia. Kuna milango miwili, ufunguo wa wa pili uko ndani ya wa kwanza, na yote miwili inafungwa kwa saa.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa karibu. Jeshi la Uingereza huandikisha raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Wakenya wamo kwa miaka mingi. Kulikuwa na sharti la kuwa umeishi Uingereza miaka 5 kwanza. Novemba 2018 serikali ililiondoa na kutangaza nafasi hadi 1,350 kwa mwaka kwa waombaji wa Madola. Kijana anayepanda ndege kwenda kuvaa sare hiyo hupewa maelezo mengi kuhusu buti, mbio na mshahara. Kuhusu afanye nini siku atakapoitwa nyani kwenye bwalo la chakula, mara nyingi hapewi chochote.

Kwanza, mwanajeshi ni nani mbele ya sheria ya kazi?

Mwanajeshi wa Uingereza si mwajiriwa kama karani au dereva. Hana mkataba wa ajira, anatumikia Taji, yaani dola chini ya mfalme. Hawezi kugoma, hana chama cha wafanyakazi cha kumsemea mezani, na akiachishwa kazi hawezi kwenda mahakamani kudai kwamba ameachishwa isivyo haki kama raia wengine wanavyodai. Ukisikia hayo peke yake utakata tamaa.

Lakini Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, kifungu cha 83, inasema wazi kwamba sehemu yake inayohusu kazi inatumika kwa utumishi wa jeshi kama inavyotumika kwa ajira ya mtu binafsi. Jeshi lilipewa misamaha kadhaa humo: mwanajeshi hawezi kudai kuhusu ubaguzi wa ulemavu wala wa umri kazini, na kwa wanawake kuna kipengele kinachohusu uwezo wa kupigana vitani. Kwenye rangi hakuna msamaha wowote. Hakuna vita, zoezi wala mila ya kikosi inayoruhusiwa kisheria kumdhalilisha askari kwa rangi, uraia, kabila au asili ya taifa lake. Hayo manne yote sheria inayaingiza katika neno “rangi”, kwa hiyo Mkenya anayechekwa kwa lafudhi na kuambiwa arudi kwao analindwa sawasawa na yule anayetukanwa kwa weusi wake.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Sheria ya mahusiano ya rangi ya mwaka 1976 iliwagusa wanajeshi, ila malalamiko yao yaliishia ndani ya jeshi lenyewe. Mwaka 1996 Tume ya Usawa wa Rangi ilimaliza uchunguzi wake kuhusu kikosi cha farasi kinachomlinda mfalme, Household Cavalry, na kukuta ubaguzi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyowafungulia wanajeshi mlango wa baraza la ajira, na mlango huo ukaanza kutumika Oktoba 1997. Haki hii ni changa, basi. Wapo makamanda wa leo walioingia jeshini kabla haijakuwepo.

Ni ubaguzi gani hasa?

Wa moja kwa moja unaeleweka upesi: wawili wana rekodi sawa, mweupe anapelekwa kozi ya kupanda cheo, mweusi anaambiwa asubiri. Usio wa moja kwa moja umejificha zaidi. Ni kanuni inayomhusu kila mtu kwa usawa wa karatasi, lakini uzito wake unaangukia watu wa asili fulani, na jeshi haliwezi kuonyesha kwamba kanuni hiyo ilihitajika kwa lengo halali. Mfano ni kanuni ya nywele iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona nywele za kipilipili.

Halafu kuna unyanyasaji, na hapa ndipo kesi nyingi za jeshini zilipo. Sheria inauliza mambo mawili: je, kitendo kinahusiana na rangi, na je, kimevunja heshima ya mtu au kumtengenezea mazingira ya uadui na udhalilishaji? Nia ya mtendaji si lazima. Athari inatosha, mradi mtu mwenye busara akitazama hali yote aone kwamba ni haki aliyetendewa kuumia.

Utetezi utakaousikia kila mahali ni kwamba ulikuwa utani. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati, maana neno lenyewe linatufundisha. Mtani ni mtu mwenye uhusiano na wewe, anakutania nawe unamtania, wote mnajua mpaka uko wapi, na siku ya msiba wako ndiye wa kwanza kufika. Askari mgeni wa miezi 3 anayebandikwa jina la mnyama na wakubwa wake wawili, naye hathubutu kujibu, hana utani na watu hao. Baraza haliulizi kama waliocheka walifurahi.

La nne ni kulipiziwa kisasi. Ukilalamika, au ukimtolea mwenzako ushahidi, au ukisema tu kwamba kilichotendeka ni ubaguzi, umefanya jambo linalolindwa. Ukibadilishiwa zamu, ukinyimwa likizo, ukiandikiwa ripoti mbaya kwa sababu hiyo, hilo ni kosa jipya linalosimama lenyewe. Linaweza kushinda hata kama lalamiko la kwanza halikuthibitika, ilimradi ulilitoa kwa nia njema. Mtu yeyote anayekushauri unyamaze “usije ukaharibu kazi” hajui kwamba huku kuharibiwa kazi ndiko sheria ilikokutazamia.

Mlango wa kwanza: lalamiko la kijeshi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo haki za watu hupotea.

Raia akibaguliwa kazini anaweza kulipeleka dai lake kwenye baraza la ajira hata kama hajawahi kuandika lalamiko kwa mwajiri. Mwanajeshi hawezi. Kifungu cha 121 cha Sheria ya Usawa kinasema baraza halina mamlaka ya kusikiliza dai lake mpaka awe amewasilisha lalamiko rasmi la kijeshi kuhusu jambo lilelile, na lalamiko hilo liwe halijaondolewa. Kumnong'oneza sajini haitoshi, wala barua pepe ya hasira kwa kapteni. Lalamiko rasmi lina fomu yake, linaandikwa, linatiwa tarehe na linapelekwa kwa ofisa aliyeteuliwa kuyapokea, ambaye hapaswi kuwa miongoni mwa wanaolalamikiwa.

Ofisa huyo kwanza anaamua kama lalamiko linapokeleka. Likipokelewa linakwenda kwa chombo cha uamuzi, na usiporidhika unakata rufaa kwa chombo cha rufaa. Juu ya hayo yuko Ombudsman wa malalamiko ya kijeshi, ofisi iliyo nje ya jeshi iliyoanza kazi Januari 2016. Anaweza kupitia uamuzi wa kukataa kupokea lalamiko, kuchunguza ucheleweshaji usio na sababu, kuchunguza jinsi shauri lilivyoendeshwa, hata kuchunguza kiini cha lalamiko lenyewe. Kama unaogopa kumpelekea mkubwa wako karatasi, unaweza kumwandikia Ombudsman naye akafikisha kwa uongozi kwamba unataka kulalamika. Wengi hawajui njia hii, na kwa askari mdogo aliye peke yake ina thamani kubwa. Ila usiishie hapo. Ujumbe wake ni wa kukufungulia njia, fomu bado ni yako kuijaza.

Sasa mitego, na ipo mitatu.

Wa kwanza ni muda. Lalamiko la kawaida la kijeshi linatakiwa ndani ya miezi 3 tangu jambo lilipotokea. Lalamiko la ubaguzi linaloweza kufika kwenye baraza la ajira lina miezi 6. Ushauri wangu: isahau hiyo 6. Fanya kana kwamba una miezi 3, kwa sababu nitakayoieleza kwenye mlango wa pili. Na usitegemee kwamba utahurumiwa. Mwaka 2011 baraza la rufaa za ajira liliamua kesi ya askari ambaye lalamiko lake la kijeshi lilikataliwa kwa kuchelewa. Likasema kwa kuwa halikupokelewa, basi mbele ya sheria ni kama halikuwepo, na mlango wa baraza ukafungwa. Mtu alikuwa na dai, akakosa hata kusikilizwa.

Wa pili ni maneno. Askari wengi huandika kwa adabu kupita kiasi: “Sijaridhika na namna ninavyotendewa katika kombania.” Hiyo haitaji rangi. Baadaye mkienda barazani, Wizara inaweza kusema dai la ubaguzi wa rangi halikuwa ndani ya lalamiko, kwa hiyo halina msingi wa kusikilizwa. Andika bila kuzunguka: nimetendewa hivi, tarehe hii, na fulani, na ninaamini ni kwa sababu ya rangi yangu au asili yangu. Taja kila tukio. Kama ulilipiziwa kisasi, liandike neno hilo. Jambo jipya likitokea baada ya fomu kwenda, lilalamikie pia.

Wa tatu ndio unaouma zaidi, kwa sababu humkuta mtu aliyekwisha kuchoka. Uamuzi wa kwanza ukitoka dhidi yako na ukaacha muda wa rufaa upite, sheria inaweza kulihesabu lalamiko lako kuwa limeondolewa. Hukuliondoa wewe, umekaa kimya tu. Lakini kwa macho ya kifungu cha 121 ni sawa, na dai la barazani linaanguka nalo. Muda wa kukata rufaa ni mfupi, unahesabiwa kwa wiki wala si kwa miezi. Siku unayopokea barua ya uamuzi ndiyo siku ya kumpigia wakili.

Mlango wa pili: baraza la ajira

Dai barazani linatakiwa ndani ya miezi 6 tangu kitendo. Tafadhali soma vizuri: tangu kitendo kitendeke, wala si tangu jeshi limalize kulishughulikia lalamiko. Taratibu za ndani zinaweza kuchukua mwaka na zaidi. Ombudsman amelalamikia ucheleweshaji huo ripoti baada ya ripoti. Askari anayengoja majibu kwa uungwana atajikuta nje ya muda.

Kwa bahati njema sheria haikutaki ungoje. Inataka lalamiko liwe limewasilishwa, haisemi liwe limeamuliwa. Kwa hiyo unaweza, na mara nyingi unapaswa, kufungua dai barazani huku lalamiko likiendelea kambini. Baraza linaweza kulisimamisha kwa muda likisubiri jeshi limalize. Sasa utaona kwa nini nilisema uisahau miezi 6: ukileta lalamiko la kijeshi siku ya mwisho ya mwezi wa 6, siku hiyohiyo ndiyo ya mwisho ya kufungua dai. Hakuna anayefaulu kufanya yote mawili kwa jioni moja akiwa zoezini kwenye matope.

Matukio yakiwa mnyororo, yaani mwenendo unaoendelea wa watu walewale au wa kitengo kilekile, muda unahesabiwa kuanzia mwisho wa mwenendo huo. Baraza pia lina uwezo wa kuongeza muda likiona ni haki kufanya hivyo. Lakini hizo ni hoja za kupigania mbele ya jaji, na anayeingia akiwa ndani ya muda hahitaji kuzipigania. Kuna pia hatua ya upatanishi kupitia shirika la Acas ambayo madai ya ajira huipitia kabla ya kufunguliwa; mwulize wakili wako habari zake siku ya kwanza na uimalize mapema, usije ukadhani imekuongezea siku.

Kufungua dai hakuna ada. Ada ziliwahi kuwepo, Mahakama ya Juu ikazifuta Julai 2017. Na kwa kawaida anayeshindwa halipi gharama za mawakili wa upande wa pili, isipokuwa amefungua au ameendesha shauri kwa namna isiyo na maana kabisa. Wapo waliotishwa kwamba wakishindwa watauza nyumba kuilipa Wizara. Kitisho hicho kina nguvu gizani tu.

Anayeshtakiwa ni Wizara ya Ulinzi, kwa sababu mwajiri anabeba matendo ya watu wake wakiwa kazini. Inaweza kujinasua ikionyesha kwamba ilichukua kila hatua ya maana kuzuia kitendo cha aina hiyo. Semina ya usawa ya saa moja kwa mwaka, huku kuta za mabweni zikijulikana zina nini, ni ngumu kuiita kila hatua ya maana. Aliyetenda naye anaweza kuunganishwa kwenye shauri kwa jina lake.

Kuhusu ushahidi, sheria inatambua kwamba mbaguzi haandiki barua ya kukiri. Ukiweka mbele ya baraza mambo ambayo, bila maelezo mengine, yanaweza kumfanya mtu aone kuna ubaguzi, mzigo unahama. Hapo ni juu ya Wizara kuthibitisha kwamba rangi haikuhusika hata kidogo. Kwa hiyo kazi yako ni kukusanya mambo hayo. Daftari la tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyosemwa na majina ya waliokuwepo, likiandikwa usiku uleule, linaaminika kuliko kumbukumbu nzuri ya mwaka mzima baadaye. Piga picha ukuta kabla haujasafishwa. Hifadhi ujumbe wa kundi la WhatsApp la kombania kabla hujaondolewa kundini, kwa sababu ukishalalamika utaondolewa. Una haki pia ya kuomba kumbukumbu zote ambazo jeshi linazo kukuhusu, bila malipo, na kwa kawaida zinatakiwa zitolewe ndani ya mwezi mmoja. Humo ndimo hupatikana barua pepe zilizoandikwa na watu wasiodhani utazisoma.

Na ukienda kwa daktari wa kambi kwa kukosa usingizi, mwambie sababu. Watu wetu, hasa wanaume, husema kichwa kinauma. Daktari anaandika kichwa. Mwaka mmoja baadaye hakuna karatasi inayosema ulikuwa unavunjika.

Nani atakusaidia, na nani atamlipa?

Jeshi litakupa ofisa msaidizi ukilalamika. Wapo wazuri sana: watakusaidia kujaza fomu, kufuatilia, kukaa nawe kwenye mahojiano. Lakini si wakili, na ana mabosi walewale ulio nao. Wanasheria wa jeshi wenyewe, hata wawe waungwana namna gani, kazi yao ni kuushauri uongozi. Dhidi ya Wizara ya Ulinzi unahitaji mtu asiyelipwa na Wizara ya Ulinzi.

Zipo ofisi za mawakili zinazoshughulikia kesi za wanajeshi peke yake au kwa sehemu kubwa. Tafuta hao, hata kama kuna wakili wa ajira hodari karibu na kambi, kwa sababu kifungu cha 121 humshtua hata hodari asiyekizoea. Swali la kumpima ni moja: mwambie umebaguliwa jeshini na umuulize hatua ya kwanza ni ipi. Asipotaja lalamiko la kijeshi ndani ya dakika mbili, mshukuru na uendelee kutafuta.

Kuhusu fedha, anza nyumbani. Bima ya nyumba au ya vitu vyako mara nyingi ina kipengele cha gharama za kisheria ambacho mtu amekuwa akikilipia bila kukisoma. Kisha kuna makubaliano ya kulipa ukishinda tu. Kwenye kesi za ajira wakili anayechukua asilimia ya fidia haruhusiwi kuvuka 35, kodi ikiwemo. Msaada wa kisheria wa serikali nchini England na Wales bado unagusa ubaguzi, kwa wenye kipato kidogo, lakini ni wa ushauri na maandalizi. Wakili wa kusimama nawe barazani kwa kawaida haumo. Ipo huduma ya simu ya ushauri wa usawa, EASS, isiyotoza kitu. Na Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ina uwezo wa kugharamia kesi chache zinazoweza kunyoosha sheria kwa wengine. Northern Ireland ina sheria yake ya rangi, kwa hiyo aliyeko kambi za huko atafute ushauri wa huko.

Fidia ya ubaguzi haina kikomo cha kisheria. Ina mafungu: mshahara na fursa zilizopotea, madhara ya kiafya, na maumivu ya moyo. Hilo la mwisho lina ngazi zake. Kwa madai yaliyofunguliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2025, ngazi ya chini ilikuwa pauni 1,200 hadi 12,100, ya kati hadi 36,400, na ya juu hadi 60,700, huku mambo mabaya ya kipekee yakiweza kupita hapo. Hurekebishwa kila mwaka. Kesi nyingi humalizwa kwa suluhu kabla ya hukumu. Mwaka 2024 jeshi lilimlipa na kumwomba radhi askari mwanamke mweusi ambaye sura yake liliwahi kuitumia kwenye matangazo ya kuandikisha watu. Hilo la radhi msilidharau. Kwa wengi ninaowaona wakipigania jambo hili, karatasi yenye neno “samahani” ndiyo waliyoitafuta tangu mwanzo, na suluhu inaweza kuwa na vitu ambavyo hukumu haiwezi kuviagiza, kama rekodi kusahihishwa au barua nzuri ya utumishi.

Ikiwa ulipigwa au ulitishwa, hilo ni jinai pia. Sheria ya mwaka 1998 inaongeza uzito wa makosa kama shambulio yakiwa na chuki ya rangi, na polisi wa jeshi wanaweza kuyachunguza. Jinai na dai la ubaguzi huenda sambamba. Usiruhusu mtu akuambie usubiri moja liishe, maana saa ya miezi 6 haisimami kwa ajili ya polisi.

Hofu ya makaratasi

Nimeiacha hadi hapa hofu ambayo naamini huwanyamazisha askari wa Madola kuliko zote. Akiwa kazini, pasipoti yake ina muhuri unaomwondoa kwenye udhibiti wa uhamiaji. Siku anapotoka jeshini, ulinzi huo unakwisha na anapewa muda mfupi wa kuomba kibali. Anayetimiza utumishi wa miaka 4 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na tangu Aprili 2022 aliyetumikia miaka 6 halipi ada ya maombi hayo. Sasa fikiria askari mwenye miaka 3 na miezi 7, mke na mtoto wanaoishi naye, na koplo anayemwita kwa jina la mnyama. Anahesabu miezi mitano. Anameza.

Ninamwelewa, na sitamwita mwoga. Lakini ajue haya. Kulalamika si kosa la kinidhamu na si sababu halali ya kufukuzwa; kufukuzwa kwa sababu ya kulalamika ni kulipiziwa kisasi, na linadaiwa. Na miezi mitano ile anayoimeza ndiyo inayokula miezi 6 yake ya kudai. Aliyetoka jeshini naye anaweza kulalamika kuhusu yaliyompata akiwa ndani, kwa muda uleule, kwa hiyo kuvua sare hakukuondolei haki, ila hakukuongezei siku. Jambo la busara kwa mtu wa namna hii ni kumwona wakili wa ubaguzi na mshauri wa uhamiaji katika wiki moja, wazungumze, na karatasi za pande zote mbili ziendane.

Mfumo wenyewe unabadilika. Mapitio ya mwaka 2019 yaliyoongozwa na Michael Wigston, wakati huo akiwa jenerali wa jeshi la anga, yalikiri kwamba wanawake na watu wa asili za wachache wanajitokeza kupita kiasi miongoni mwa wanaolalamikia uonevu na ubaguzi. Ombudsman, mwaka baada ya mwaka, aliliambia Bunge kwamba utaratibu wa malalamiko haufanyi kazi kwa haki inavyotakiwa. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Kamishna wa Majeshi, atakayezichukua kazi za Ombudsman na kuongezewa nyingine: kuingia kambini kujionea hali, kuchunguza matatizo ya jumla ya maisha ya jeshi bila kungoja lalamiko la mtu mmoja, na kusikiliza familia za wanajeshi. Kwa familia hizo ni jambo jipya kabisa. Mke anayeona mumewe anarudi kambini kila Jumapili usiku akiwa hazungumzi, Kamishna huyo akianza kazi atakuwa na mtu wa kumwandikia.